Kumfundisha Mtoto Neno Jipya: Mwongozo kwa Walimu wa Darasa la Tatu na la Nne

Siku moja mwanafunzi wangu wa Darasa la Tatu, katika shule ya msingi iliyo upande wa juu wa mji wa Moshi, alisimama na kusoma sentensi hii kwa sauti safi bila kukwama hata mara moja: "Nahodha alitweka tanga, jahazi likaanza safari." Nilimpongeza, kisha nikamuuliza tanga ni nini. Alijibu papo hapo kwamba Tanga ni mji, na kwamba shangazi yake anaishi huko. Mwenzake wa dawati la nyuma alinyoosha mkono ili amsahihishe, akasema tanga ni msiba, kwa kuwa kwa jirani yao kulikuwa na matanga mwezi uliopita. Wote wawili walikuwa na sababu za kusema walichosema, lakini tanga la jahazi ni kile kitambaa chake kinachokamata upepo, na hakuna hata mmoja aliyeliona jahazi likiondoka.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na jambo hilo ni neema kwa mtoto anayejifunza KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maana akishazimudu silabi anaweza kutamka karibu neno lolote atakalowekewa mbele. Hata hivyo, wepesi huohuo humficha mwalimu mambo mengi. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza, ambacho tahajia yake haifuati matamshi kwa unyoofu, mara nyingi hukwama anapofika kwenye neno asilolijua, na kukwama kwake humwambia mwalimu kwamba hapo pana tatizo. Mtoto wetu hulipita neno asilolielewa kwa kasi ileile anayopita nayo "mama" na "maji", na mwalimu aliyesimama mbele akisikiliza hana namna ya kujua. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili analazimika kuutafuta mwenyewe ugumu ambao sauti ya mtoto haiuonyeshi. Mwongozo huu unahusu Darasa la Tatu na la Nne, kwa kuwa hapo ndipo vitabu vya Sayansi na vya masomo mengine huanza kumtaka mtoto aelewe habari ndefu peke yake, na hapo ndipo wale waliokuwa wakisifiwa kwa kusoma vizuri huanza kuachwa nyuma bila sababu inayoonekana.

Kuchagua maneno ya kufundisha

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiandika ubaoni maneno yote magumu ya habari, kumi na tano au ishirini, na maana zake mbele yake, wanafunzi wakayanakili yote. Madaftari yalipendeza mno na mkaguzi aliyafurahia. Wiki iliyofuata nikiuliza neno lolote kati ya hayo, walifungua daftari, wakanisomea maana kama ilivyoandikwa, na hawakuweza kulitunga katika sentensi yao wenyewe. Maneno ishirini kwa siku ni maneno ya kunakili tu. Maneno matano au sita kwa wiki yanaweza kufundishwa kikamilifu katika darasa lenye watoto zaidi ya sitini.

Kabla ya kuandika andalio la somo, soma habari mwenyewe ukiwa na penseli, na ugawe maneno katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la maneno ambayo watoto wanayo tayari kutoka nyumbani na sokoni, nayo hayahitaji kipindi. Fungu la tatu ni la maneno ya mahali maalumu au fani maalumu, kama vile tanga, ngalawa, nanga au usanisinuru, ambayo mtoto atakutana nayo katika habari ile tu au katika somo lake tu. Fungu la katikati ndilo la kupiganiwa: ni maneno ambayo mtoto hayatumii katika mazungumzo ya kila siku, lakini yatamrudia katika hadithi, katika Sayansi, katika taarifa ya habari na katika mtihani, kama vile kusita, kusihi, kukiri, kustaajabu, tahadhari, manufaa, ushahidi na mchoyo.

Habari nyingi za Kiswahili zina harufu ya pwani, na hilo halishangazi kwa kuwa ndiko lugha ilikokulia, lakini mtoto wa Kibosho au wa Usa River hajawahi kuona maji yakipwa wala kusikia mtu akisema demani. Maneno hayo usiyakwepe, ila usiyape muda mrefu. Tanga linamalizika kwa dakika moja ukiwa na kipande cha kitambaa, kijiti na mdomo wa kupulizia. Muda unaobaki utumie kwa "kutweka", yaani kupandisha juu, endapo unaona litarudi, au uliache lipite na uende kwenye neno la fungu la katikati.

Kuna kundi moja ambalo karibu kila mwalimu hulisahau, nami nililisahau kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, nalo ni la viunganishi: ijapokuwa, ilhali, hata hivyo, endapo, isipokuwa, mradi, la sivyo. Haya hayana picha, na kamusi huyaeleza kwa maneno yanayofanana nayo, kwa hiyo hupitwa kana kwamba ni alama za vituo. Lakini mtoto asiyeelewa "ijapokuwa" ataelewa sentensi nzima kinyume. Andika ubaoni "Mvua ilinyesha" na chini yake "Tulicheza mpira", kisha uwaulize kama mambo hayo mawili huenda pamoja. Watasema hapana, kwa kuwa mvua ikinyesha uwanja hujaa tope na mwalimu wa zamu hufukuza watu. Sasa unganisha: "Ijapokuwa mvua ilinyesha, tulicheza mpira." Halafu weka "kwa sababu" mahali pa "ijapokuwa", na usikilize kicheko. Kicheko hicho kinaonyesha kwamba wameelewa.

Kueleza maana kwa maneno ambayo mtoto anayo

Maelezo mabaya kuliko yote ni kumpa mtoto kisawe kizito kama neno lenyewe. Ukimwambia kwamba taharuki ni mfadhaiko, umempa neno la pili la kukariri badala ya kumwondolea la kwanza. Mwambie hivi: taharuki ni ile hali ya watu wote kushtuka na kuhangaika kwa pamoja bila kujua la kufanya, kama pale kishindo kikubwa kinaposikika standi ya mabasi, wauzaji wakaacha meza zao na abiria wakaanza kukimbia bila kujua wanakokimbilia. Maelezo hayo ni marefu kuliko ya kamusi, lakini mtoto hutoka nayo, kwa kuwa standi anaijua na vurugu zake anazijua.

Kuna maneno ambayo mwili hueleza vizuri kuliko mdomo. Ninapofundisha "kusita", huenda mpaka mlangoni, nikanyoosha mkono kama mtu anayetaka kuufungua, kisha nikauacha mkono hewani, nikageuka kulitazama darasa, nikautazama tena mlango, na mwisho nikaufungua. Hapo nauliza. Je, nimekataa kutoka? Hapana, umetoka. Je, nimechelewa? Kidogo. Je, nimeogopa? Hapa darasa hugawanyika, na mjadala wao ndio somo lenyewe, kwa sababu wanaanza kuona kwamba kusita si kuogopa ingawa mtu anaweza kusita kwa hofu, na si kukataa ingawa mtu anaweza kusita halafu akakataa. Baada ya hapo ndipo ninapoandika maana ubaoni, kwa maneno yao: kusita ni kusimama kidogo kabla ya kufanya jambo kwa sababu una shaka au hujaamua. Kisha kila mmoja humweleza jirani yake siku aliyosita. Mmoja alisita kuvuka Mto Rau kwa sababu maji yalikuwa mengi kuliko jana yake. Mwingine alisita kumwambia mama kwamba amepoteza chenji ya sukari. Ukisikia sentensi za namna hiyo, jua kwamba neno limeshafika.

Lugha za nyumbani zisifungiwe nje ya darasa katika kazi hii. Naelewa kwa nini walimu wengi hukataza Kichaga, Kipare, Kimeru au Kimaasai shuleni, na sisemi kwamba kipindi cha Kiswahili kiendeshwe kwa lugha nyingine. Nasema tu kwamba swali la "nyumbani mnaitaje?" huokoa robo saa. Tulipokuwa tukisoma habari ya kilimo cha umwagiliaji, "mfereji" ulionekana kuwa neno la kitabuni mpaka mtoto mmoja aliyetoka upande wa Marangu aliposema, "Kumbe ni mfongo!" Kuanzia hapo yeye ndiye aliyefundisha: jinsi maji yanavyotolewa mtoni kule juu, jinsi kila nyumba inavyopewa zamu, na jinsi ugomvi unavyozuka mtu akiyageuza maji usiku yaende kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la migomba la nyumbani. Neno "umwagiliaji", lenye silabi sita, halikuwa gumu tena, kwa kuwa jambo lenyewe alikuwa nalo tangu utotoni na alichokosa ni jina la Kiswahili.

Matamshi yasisahaulike hapo mwanzo. Wanafunzi wetu wengi huchanganya "l" na "r", na katika msamiati mchanganyiko huo si kosa dogo: kalamu si karamu, kula si kura, mahali si mahari, na fahali aliye zizini si fahari iliyo moyoni. Walitamke neno jipya kwa pamoja, wapige makofi kwa silabi, kisha waliandike hewani kwa kidole kabla ya kuliandika daftarini.

Kulifungua neno

Utajiri wa Kiswahili umo ndani ya neno lenyewe, na hapa ndipo ningemwomba mwalimu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mtoto aliyefundishwa neno moja ana neno moja. Aliyefundishwa jinsi neno linavyozaliwa kutokana na jingine anaweza kujitafutia mengine kumi bila msaada wako.

Anza na mtendaji. Andika ubaoni vitenzi katika safu ya kushoto na watendaji katika safu ya kulia: pika na mpishi, andika na mwandishi, fuata na mfuasi, linda na mlinzi, jenga na mjenzi, tunga na mtunzi. Usiwaambie kanuni. Waulize ni herufi gani iliyobadilika, na uwape muda wa kutosha, kwa maana watoto wa umri huu hupenda kugundua siri kuliko kuambiwa. Wataona kwamba "k" imekuwa "sh", "t" imekuwa "s", na "d" pamoja na "g" zimekuwa "z". Sasa andika "mfinyanzi", neno ambalo wengi hawajawahi kuliona, na waambie watafute kitenzi chake kwa kurudi nyuma. Wapo watakaosema "finyanda", na hilo ni kosa la akili timamu, kwa sababu "z" inaweza kuwa imetoka kwa "d". Wapo watakaosema "finyanga". Waonyeshe kwa udongo wa mfinyanzi, au hata tope la uani, jinsi mtu anavyofinyanga chungu, na neno hilo halitatoka tena.

Onya pia kwamba kanuni hii ina mipaka. Aliyeshinda ni mshindi, si "mshinzi". Anayesoma ni msomaji na anayecheza ni mchezaji, kwa njia nyingine kabisa ya kuishia na "-aji". Tena si kila neno linaloanza na "m" lina mtu ndani yake. Baada ya somo hili mwanafunzi mmoja aliniandikia kwa uhakika mkubwa kwamba "mlima ni mtu anayelima". Alikuwa ameketi karibu na dirisha ambalo siku isiyo na mawingu huonyesha Kibo chote, kile kilele cha Mlima Kilimanjaro. Sikumcheka, kwa sababu alikuwa ameitumia kanuni yangu kama nilivyompa, nami ndiye niliyesahau kumwambia kwamba anayelima ni mkulima, na kwamba mlima na kulima hufanana kwa sauti tu.

Jozi nyingine yenye faida kubwa ni ile ya kutenda na kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fukia na fukua, ezeka na ezua. Mtoto anayejua kwamba baba yake ameezeka banda kwa mabati, akisoma kwamba "upepo uliezua mapaa ya nyumba", ana kila anachohitaji ili aelewe, mradi ameonyeshwa kuangalia mwisho wa kitenzi. Ezeka na ezua zinafaa zaidi kuliko funga na fungua ambazo anazijua tayari, kwa hiyo tumia zile rahisi kufungulia njia na hizi kuipita.

Kazi hii ya kufungua neno ndiyo pia inayomwezesha mtoto kutumia kamusi. Ukimpa kamusi bila maandalizi atatafuta "nyufa" chini ya N, asilione, na kuhitimisha kwamba kamusi haina neno hilo. Kamusi za Kiswahili huorodhesha nomino kwa umoja na vitenzi bila "ku" wala viambishi vya nafsi na njeo. Kwa hiyo "nyufa" huanzia kwenye "ufa", "meno" kwenye "jino", "kuta" kwenye "ukuta", "vyeti" kwenye "cheti", na "walimsihi" kwenye "sihi". Fanya zoezi la kuvua: andika "hawakutustaajabisha" ubaoni, na kila mwanafunzi aje avue kipande kimoja, "ha", "wa", "ku", "tu", mpaka libaki "staajabisha", kisha "staajabu". Darasani kwangu tunasema tunalivua neno koti, sweta na shati. Mwezi wa Juni na wa Julai, watoto wanapokuja shuleni asubuhi wakiwa wamevaa vyote vitatu kwa ajili ya baridi, mfano huo hauhitaji maelezo.

Mwisho wa sehemu hii, mwonyeshe mtoto kwamba neno moja linaweza kuwa na maana kadhaa, na asishike ile ya kwanza tu. Neno "boma" kwetu ni hazina. Kwa mtoto wa kifugaji ni makazi yenye zizi la ng'ombe ndani yake. Katikati ya jiji la Arusha, Boma la zamani ni ngome iliyojengwa na Wajerumani, ambayo sasa ni makumbusho. Katika kikao cha kijiji, boma ni jengo lililosimamishwa kuta likaachwa bila paa, na ndiyo maana husikika watu wakichangishana ili kukamilisha maboma ya madarasa. Na kati ya Moshi na Arusha upo mji wa Bomang'ombe, wilayani Hai, ambao jina lake watoto hulisikia kila wanapopanda gari bila kulifikiria. Waandike sentensi tatu, kila moja na boma lake, na wenzao waseme ni lipi.

Kubashiri maana kutokana na sentensi

Walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi "angalia maneno ya jirani utapata maana". Ushauri huo ni wa kweli nusu. Mara nyingi sentensi haitoi maana kamili bali hupunguza maana zinazowezekana, na mtoto asiyejua hilo hushika jambo la kwanza linalomjia. Fanya kazi hii wazi mbele ya darasa angalau mara moja kwa wiki. Chukua sentensi hii: "Bibi alighadhibika alipoona mbuzi wameingia kihambani na kula migomba yake michanga." Funika neno "alighadhibika" kwa karatasi na uwaulize bibi alifanya nini. Watasema alilia, alikasirika, alishangaa, alisikitika. Yaandike yote manne. Yote yanakubalika, na uwaambie hivyo. Kisha soma sentensi inayofuata: "Alichukua fimbo akawafukuza huku akifoka, na mchungaji alipotokea alifokewa yeye pia." Sasa futeni moja baada ya jingine. Anayelia hafukuzi mbuzi kwa fimbo, anayeshangaa husimama, anayesikitika hafoki. Limebaki moja. Ondoa karatasi, wasome "alighadhibika", kisha mzungumze kwamba kughadhibika ni kukasirika sana, si kule kukasirika kwa mtu aliyekanyagwa mguu kwenye daladala.

Wafundishe pia vidokezo vya mwandishi mwenyewe: "yaani" na "au" mara nyingi hutangulia maelezo, wakati "lakini" na "bali" hutangulia kinyume. Zaidi ya hapo, waruhusu waseme kwamba sentensi haikuwasaidia. "Juma alikuwa mchoyo" haimsaidii mtu yeyote, na mtoto anayelitambua hilo na kwenda kuuliza amefanya vema kuliko anayekisia.

Kona nne za neno

Kwa maneno ya dhana, yaani yale yasiyoshikika, natumia karatasi ya manila iliyogawanywa katika vyumba vinne, na neno katikati. Mpango huu ulibuniwa na Dorothy Frayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani mwaka 1969, nao hauhitaji umeme wala fedha, kwa kuwa hata upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana unatosha. Chumba kimoja ni cha maana, cha pili ni cha sifa, cha tatu ni cha mifano, na cha nne ni cha mifano isiyo sahihi. Chumba cha nne ndicho chenye thamani. Tulipokuwa na "mchoyo", makundi yote yalijaza vyumba vitatu kwa dakika chache: mtu asiyependa kutoa, anaficha vitu vyake, anakula ubuyu akiwa amegeukia ukutani. Kwenye chumba cha nne kundi moja liliandika "mtu mkarimu", jambo lililo sahihi lakini lisilo na jasho. Kundi jingine liliandika "mtu ambaye hana kitu". Ukazuka ubishi mkali: je, asiyetoa kwa sababu hana ni mchoyo? Msichana mmoja alisema kwamba bibi yake hawapi pipi kwa sababu hana hela, na akipata mtori huwapakulia wote, kwa hiyo si mchoyo. Hakuna maelezo yangu ambayo yangelichora neno hilo vizuri hivyo.

Kurudia kwa mpangilio

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hupunguza kusahau huko. Kwa mwalimu maana yake ni kwamba neno lililofundishwa Jumatatu lirudi Jumanne, lirudi tena Alhamisi, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Kulirudia mara kumi siku ileile ni kuchosha watoto bure.

Natumia boksi la viatu lililogawanywa kwa vipande vya kadibodi katika vyumba vitatu. Kila neno lina kadi yake, neno upande mmoja, na sentensi ya mwanafunzi, si yangu, upande wa pili. Maneno mapya huanzia chumba cha kwanza na huulizwa kila siku kwa dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Darasa likiyamudu huhamia cha pili, ambacho hufunguliwa mara moja kwa wiki, na baadaye cha tatu, ambacho hufunguliwa mara moja kwa mwezi. Neno likishindikana hurudi chumba cha kwanza bila kuonewa huruma. Monita ndiye mtunza boksi, na cheo hicho hugombewa kuliko cha kupiga kengele.

Nje ya boksi, njia iliyo bora ni kuwasomea. Mtoto huelewa kwa masikio habari ngumu kuliko anazoweza kusoma mwenyewe, kwa hiyo dakika kumi za mwalimu kusoma hadithi kwa sauti, hata baada ya chakula cha mchana wakati darasa zima linasinzia, huingiza maneno ambayo kitabu chao hakina. Wazazi nao wanaweza kusaidia bila gharama: kila mtoto aje na neno moja alilolisikia kwenye taarifa ya habari ya redio jana usiku, pamoja na anachodhani maana yake.

Kupima

Swali la "andika maana ya maneno yafuatayo" hupima kumbukumbu ya daftari. Ukitaka kujua kama neno limeshika, kutanisha maneno mawili katika swali moja: Je, mtu anaweza kustaajabu bila kuwa na taharuki? Je, tajiri anaweza kuwa mchoyo na maskini pia? Au mpe mwanzo wa sentensi ambao hauwezi kumaliziwa na asiyeelewa: "Mama alisita kununua nyanya pale Mbuyuni kwa sababu..." Anayemalizia "zilikuwa nzuri sana" bado hajalipata neno; anayemalizia "zilikuwa nzuri lakini fedha iliyobaki ilikuwa ya nauli" amelipata, na amekuonyesha kwamba "lakini" nayo anaijua. Maswali ya namna hii huchukua muda kusahihisha, kwa hiyo nauliza matatu tu kila Ijumaa, na ninasahihisha mstari mmoja wa madawati kwa wiki, hao wengine wakisahihishana kwa mjadala.

Majibu yasiyo sahihi siyafuti tu. Ninayo daftari dogo ambamo huyaandika kama yalivyo, pamoja na tarehe, bila jina la mtoto, kwa kuwa kila kosa huniambia ni mahali gani maelezo yangu yalipinda. "Mlima ni mtu anayelima" lipo humo. Ukurasa wa kwanza una neno "tanga", na mbele yake nimeandika "mji, msiba". Habari ile ya jahazi inarudi katika azimio la kazi la muhula ujao, na tayari nimeshaweka kabatini kipande cha turubai, fimbo mbili na uzi wa katani.